Wilaya ya Shule ya Winooski, Vermont: Maswali ya Wazazi Kuhusu Uongozi, Fedha na Matokeo

Winooski ni mji mdogo katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 7,997 katika eneo la takriban kilomita nne za mraba. Kwa muda mrefu mji huu uliishi kwa viwanda vya nguo za sufu vilivyojengwa kando ya mto, na vilipofungwa mwaka 1954 kodi za pango zilibaki nafuu kuliko za miji jirani. Ndiyo maana wageni wa kila kizazi walifikia hapa: kwanza Wakanada wanaosema Kifaransa, na katika miongo ya karibuni wakimbizi kutoka Vietnam, Bosnia, Bhutan, Somalia, Burundi na Kongo. Baadhi yao walikuja na Kiswahili cha Kivu, na wengine walikijua kambini Kakuma, Dadaab au Nyarugusu. Majibu yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya wazazi hao, na kwa ajili ya yeyote anayetaka kuelewa jinsi shule za umma za mji mdogo wa Marekani zinavyoendeshwa.

Wilaya ya shule ni nini, na ina uhusiano gani na serikali ya mji?

Ni mamlaka ya umma yenye kazi moja tu, yaani kuendesha shule. Ina bodi yake, bajeti yake na waajiriwa wake, na meya na baraza la mji hawaiamrishi, ingawa mipaka yake ni ileile ya mji. Vermont ina wilaya za namna hii zipatazo 119, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa wanafunzi wa shule za umma wa jimbo zima ni zaidi kidogo ya 80,000. Winooski ina wanafunzi takriban 800, kuanzia chekechea hadi kidato cha mwisho, na wote husoma katika uwanja mmoja.

Aliyezoea Tanzania au Kenya, ambako ajira ya mwalimu wa shule ya umma hutoka serikalini na mwalimu anaweza kupangiwa kituo mkoa mwingine, atambue kwamba hapa mwalimu ameajiriwa na wilaya yenyewe. Hahamishwi na mtu wa makao makuu. Kwa upande mwingine, hakuna makao makuu yatakayojaza nafasi iliyo wazi, na wilaya isiyoweza kulipa mshahara wa ushindani hupoteza walimu wake kwa jirani.

Nani hasa anaamua?

Wakazi huchagua bodi ya wadhamini wa shule, na bodi huajiri msimamizi mkuu. Tangu Julai 2023 nafasi hiyo inashikwa na Wilmer Chavarria, mzaliwa wa Nicaragua. Bodi hupitisha sera, huandaa bajeti na kuipeleka kwa wapiga kura, hukubaliana na chama cha walimu kuhusu mishahara, na hupima kazi ya msimamizi mkuu. Haimsimamii mwalimu mmoja mmoja, wala haiamui mtoto gani akae darasa gani. Mzazi mwenye malalamiko huanza kwa mwalimu, kisha mkuu wa shule, kisha msimamizi mkuu, na jambo likishindikana kote huko ndipo hufika kwenye bodi. Anayeanzia kwenye bodi kwa kawaida hurudishwa nyuma, na wiki kadhaa hupotea bure.

Yako pia mambo ambayo bodi haina mamlaka nayo. Viwango vya elimu na mitihani ya kila mwaka huwekwa na jimbo, na tangu sheria ya 2018 bima ya afya ya wafanyakazi wa shule hujadiliwa kwa pamoja kwa Vermont nzima. Kwa sababu hiyo, mojawapo ya gharama zinazopanda kwa kasi zaidi katika bajeti haimo mikononi mwa watu wanaolaumiwa kwayo kwenye mkutano.

Bajeti hupitishwaje?

Hupigiwa kura na wakazi wenyewe. Jumanne ya kwanza ya Machi, ambayo Vermont nzima huijua kama siku ya mkutano wa mji, wapiga kura hukubali au hukataa kiasi ambacho wilaya itatumia kuanzia Julai 1 hadi Juni 30 ya mwaka unaofuata. Bodi huwa imejadili bajeti hiyo tangu vuli, kwenye vikao vilivyo wazi kwa kila mtu. Bajeti ikikataliwa, bodi huirekebisha na kuirudisha kwa wapiga kura. Iwapo hakuna bajeti iliyopita kufikia Julai 1, sheria ya jimbo huiruhusu wilaya kukopa hadi asilimia 87 ya bajeti ya mwaka uliotangulia ili shule zisifungwe. Asilimia 13 inayokosekana si ya karatasi tu: katika shule ndogo kama hii, upungufu wa ukubwa huo hugusa ajira za walimu moja kwa moja.

Je, mtu ambaye si raia wa Marekani anaweza kupiga kura hizi?

Katika Winooski, ndiyo, kwa masharti. Wakazi wa mji walipiga kura mwaka 2020 kuruhusu wakazi halali wasio raia kushiriki uchaguzi wa mji na wa shule. Bunge la Vermont likaidhinisha mabadiliko hayo mwaka 2021, Gavana Phil Scott akayakataa, na Juni mwaka huohuo bunge likayapitisha tena kwa theluthi mbili ya kura. Mji wa Montpelier ulipata ruhusa ya aina hiyo wakati huohuo, na kesi iliyofunguliwa dhidi yake ilishindwa katika Mahakama ya Juu ya Vermont Januari 2023. Wakazi wa Winooski wasio raia walianza kutumia haki hii Machi 2022.

Masharti ni lazima yaeleweke vizuri, kwa sababu kosa lake ni kubwa. Anayehusika ni mtu mzima anayeishi Marekani kihalali, kwa kudumu au kwa muda usio na ukomo. Hujiandikisha kwa karani wa mji, na jina lake huwekwa katika daftari lililotengwa. Kura yake ni ya mambo ya mji na shule tu. Asipige kamwe kura ya rais, ya bunge la Marekani au ya uongozi wa jimbo, na asikubali kuandikishwa katika daftari la kawaida hata kama mtu anamshawishi kwa nia njema. Jambo hilo ni kosa la jinai na linaweza kusababisha mtu kufukuzwa nchini. Fomu ya kuomba uraia pia huuliza kuhusu kupiga kura, kwa hiyo aliyeanza au anayekaribia safari ya uraia amuulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza na atunze kumbukumbu zake.

Baada ya tahadhari hiyo, niseme wazi ninachoamini: haki hii haijatumiwa vya kutosha na wasemaji wa Kiswahili. Katika mji mdogo hivi, familia chache za mtaa mmoja zinaweza kuamua kama nafasi ya mwalimu wa Kiingereza kwa wageni itabaki au itafutwa. Miji mingi ya Marekani haijampa mhamiaji nafasi hiyo.

Nitajuaje bodi inajadili nini ikiwa Kiingereza changu hakitoshi?

Sheria ya Vermont inataka ajenda ya kikao cha kawaida itangazwe angalau saa 48 kabla, na kumbukumbu zitolewe ndani ya siku tano baada ya kikao. Ajenda ya kurasa mbili ni rahisi kumpa mtoto mkubwa au jirani aitafsiri kuliko kukaa saa tatu kwenye kikao bila kuelewa. Kwa taarifa zinazomhusu mtoto wako mwenyewe, usimtegemee mtoto: sheria ya haki za kiraia ya Marekani inaitaka shule kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani hatozwi mzazi. Wilaya ina maafisa wa kuunganisha familia na shule wanaosema lugha za jamii zilizopo, Kiswahili kikiwemo. Omba mkalimani kabla ya siku ya mkutano. Usitie saini karatasi ya nidhamu au ya elimu maalumu ambayo hujasomewa ukaielewa.

Fedha za shule zinatoka wapi?

Kwanza iondolewe dhana moja ambayo hata wenyeji wanayo, kwamba kodi za Winooski hulipia shule za Winooski. Ilikuwa hivyo zamani. Mji wenye hoteli za kifahari na nyumba za likizo milimani ulitoza kodi ndogo na kupata fedha nyingi, wakati mji wa wafanyakazi ulitoza kodi kubwa na kupata kidogo. Februari 1997 Mahakama ya Juu ya Vermont iliamua, katika kesi ya Brigham, kwamba mpango huo unavunja katiba ya jimbo kwa kuwanyima watoto fursa sawa. Miezi michache baadaye bunge likapitisha Sheria Namba 60, iliyorekebishwa mwaka 2003 na Sheria Namba 68.

Tangu hapo fedha huingia katika Mfuko wa Elimu wa jimbo zima. Sehemu kubwa ni kodi ya mali isiyohamishika, yaani nyumba na ardhi, ambayo ina viwango viwili: kimoja cha nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake, na kingine cha mali nyingine zote, zikiwemo maduka, nyumba za kupangisha na nyumba za likizo. Mfuko hupokea pia kodi yote ya mauzo, theluthi moja ya kodi ya ununuzi wa magari, robo ya kodi ya hoteli na mikahawa, pamoja na mapato ya bahati nasibu. Kutoka humo kila wilaya hulipwa matumizi ambayo wapiga kura wake wameidhinisha.

Swali la haki ni hili: ikiwa mfuko ni mmoja, nini kinaizuia wilaya isitumie ovyo? Jibu ni kiwango cha kodi. Matumizi ya wilaya hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi wake, na kadiri matumizi kwa kila mwanafunzi yanavyokuwa makubwa, ndivyo kiwango cha kodi cha wenye nyumba wa wilaya hiyo kinavyopanda. Wilaya mbili zinazotumia sawa kwa kila mwanafunzi huwa na kiwango sawa, hata kama moja ina majumba ya mamilioni na nyingine ina nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Baada ya hapo familia nyingi zenye kipato cha kawaida hupunguziwa kodi kulingana na kipato chao.

Nimesikia kwamba mtoto wangu ana "uzito" katika hesabu za jimbo. Maana yake nini?

Hapa ndipo Winooski ilipigania haki yake kwa miaka. Katika kugawanya matumizi, jimbo halihesabu watoto kwa idadi tupu. Mtoto ambaye kumfundisha kunagharimu zaidi huhesabiwa kuwa zaidi ya mmoja. Kwa muda mrefu mtoto anayejifunza Kiingereza aliongezewa 0.20 tu, na mtoto wa familia maskini 0.25, nambari ambazo hazikutokana na ushahidi wowote wa gharama halisi. Utafiti ulioagizwa na bunge, uliotolewa mwishoni mwa 2019 na kufanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vermont na Rutgers, ulionyesha kwamba nyongeza hizo zilikuwa ndogo mno. Sheria Namba 127 ya 2022 ikazipandisha: 2.49 kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, na 1.03 kwa mtoto wa familia yenye kipato cha chini. Zilianza kutumika Julai 2024.

Chukua mfano wa kubuni. Wilaya mbili zina watoto 500 kila moja na kila moja inatumia dola milioni 10. Ya kwanza ina wageni wachache, na baada ya uzito watoto wake wanahesabiwa 600; ya pili ina wageni wengi na inahesabiwa 1,000. Matumizi ya kwanza yanakuwa karibu dola 16,667 kwa kila hesabu ya mwanafunzi, na ya pili dola 10,000. Wenye nyumba wa wilaya ya pili watalipa kiwango cha chini zaidi ingawa fedha zilizotumika ni zilezile.

Uzito, kwa hiyo, hauleti hundi. Jimbo halikutumi fedha za ziada kwa sababu mtoto wako amefika kutoka Uvira. Linaifanya bajeti kubwa iwe nafuu zaidi kwa walipa kodi wa mji, na bado ni lazima mtu aiandike bajeti hiyo na wapiga kura waikubali. Kama wapiga kura watachagua kodi ndogo badala ya walimu zaidi, uzito wa watoto wetu utakuwa umepunguza kodi ya wenye nyumba bila kumfikia mtoto darasani. Katika ukurasa huu wote, hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe kabla ya Machi.

Kwa nini kodi hupanda hata pale bajeti ya wilaya inapopanda kidogo tu?

Kwa sababu mbili kubwa. Mfuko ni wa pamoja, hivyo matumizi ya wilaya nyingine nayo huingia katika hesabu yako. Pia thamani ya nyumba iliyo kwenye vitabu vya mji ikiwa chini ya bei ya soko, jimbo hurekebisha kiwango kwenda juu ili kusawazisha. Mwaka 2024 mambo hayo yaligongana na kumalizika kwa fedha za dharura za korona: takriban theluthi moja ya bajeti zilizopigiwa kura siku ya mkutano wa mji zilikataliwa, na mwishowe kodi ya elimu ilipanda kwa wastani wa asilimia 13.8 katika jimbo.

Mimi nimepanga. Hili linanihusu?

Linakuhusu, kwa kuwa kodi ya mali huingia katika kodi ya pango unayolipa. Mpangaji mwenye kipato cha chini anaweza kuomba nafuu ya wapangaji kwa fomu RCC-146. Aliyenunua nyumba na anaishi humo anatakiwa kutoa tamko kila mwaka kwa fomu HS-122 wakati wa kodi ya mapato, mwezi Aprili, na kuambatanisha fomu HI-144 ya kipato cha kaya ili apate punguzo. Nimeona familia zikilipa kodi kamili kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kuhusu fomu hizo mbili.

Jengo jipya lilijengwa kwa fedha zipi?

Novemba 2019 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa hatifungani wa dola milioni 57.8 kwa ajili ya kukarabati na kupanua shule. Kwa mji wa watu wasiofika 8,000 huo ni mzigo mkubwa. Vermont ilisimamisha msaada wa jimbo kwa ujenzi wa shule mwaka 2007, hivyo wilaya zililazimika kubeba madeni zenyewe, na marejesho ya mkopo huingia katika bajeti kwa miaka mingi. Mtu anayelinganisha matumizi ya Winooski na ya wilaya yenye jengo kuukuu analinganisha vitu viwili tofauti.

Serikali ya shirikisho huchangia nini?

Huchangia sehemu ndogo ya jumla, lakini iliyo muhimu kwa watoto wetu: fedha za shule zenye umaskini, za elimu maalumu na za kufundisha Kiingereza. Julai 2025 Washington ilizuia kwa wiki kadhaa mabilioni ya dola za shule nchini kote, zikiwemo za wanaojifunza Kiingereza, kabla ya kuziachia. Wilaya ndogo haina akiba ya kungoja muda mrefu.

Je, shule zinafanya vizuri?

Kwa mitihani ya jimbo, wastani wa Winooski umekuwa chini ya wastani wa Vermont, na hakuna faida ya kulificha hilo. Linahitaji kusomwa kwa makini. Mtihani wa Kiingereza na hisabati hufanywa na watoto wa darasa la 3 hadi la 9, na wa sayansi katika darasa la 5, la 8 na la 11. Hisabati yenyewe huulizwa kwa maneno. Mtoto aliyefika miaka miwili iliyopita akiwa hajui neno la Kiingereza, baada ya kukosa shule kambini, huwekwa katika wastani mmoja na mtoto aliyesomewa vitabu vya Kiingereza tangu utotoni. Tena, anayeijua lugha vizuri baadaye huondolewa kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza, kwa hiyo kundi hilo kila mwaka hupoteza waliofaulu na kupokea wageni. Alama zake haziwezi kupanda sana hata walimu wakifanya kazi bora.

Tahadhari nyingine mbili. Vermont ilibadilisha mtihani mwaka 2023, hivyo alama za kabla na baada ya hapo hazilinganishwi. Na katika shule yenye watoto wachache kwa kila darasa, familia tano zikihama zinaweza kubadilisha asilimia bila mwalimu yeyote kubadilika.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotumia ugeni wa watoto kama jibu la kila kitu. Mtoto aliyezaliwa hapa, aliyesoma katika uwanja uleule tangu chekechea na bado hasomi vizuri akiwa darasa la 5, hana kisingizio cha kambi, na shule inapaswa kueleza. Muulize mwalimu mambo yanayopimika: mwanangu alikuwa kiwango gani mwaka jana katika mtihani wa kila mwaka wa lugha, na yuko kiwango gani sasa? Anapata dakika ngapi za mwalimu wa Kiingereza kwa wiki? Anafundishwa hisabati ya darasa lake, au amerudishwa nyuma kwa sababu ya lugha? Kwa aliye sekondari, uliza ni stadi zipi bado hajathibitisha ili ahitimu, maana Vermont hupima kuhitimu kwa umahiri na si kwa saa za kukaa darasani tu. Maneno kama "ni mtoto mzuri, ana heshima" yanafurahisha, lakini hayajibu swali.

Mzazi analipa nini?

Hakuna ada. Kifungua kinywa na chakula cha mchana ni bure kwa wanafunzi wote wa shule za umma za Vermont kwa sheria ya kudumu ya 2023, bila kujali kipato.

Je, shule inauliza hali ya uhamiaji?

Haihitaji, na mtoto hawezi kunyimwa shule kwa sababu hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler. Januari 2025 serikali ya shirikisho iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kuingia shuleni, na Februari mwaka huohuo bodi ya Winooski ikapitisha sera ya kuifanya shule mahali salama. Ukuta wa sera una mipaka: hauwezi kuzuia hati halali ya jaji. Jaza fomu ya watu wa dharura wanaoweza kumchukua mtoto, na uihuishe kila namba ya simu inapobadilika.

Kuna habari kwamba wilaya ndogo zitaunganishwa. Winooski itafutwa?

Sheria Namba 73, iliyotiwa saini Julai 1, 2025, inalenga wilaya kubwa zaidi, za wanafunzi 4,000 hadi 8,000 pale inapowezekana, na kubadilisha fedha ziende kwa kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi kinachopangwa na jimbo, kuanzia Julai 2028 masharti yake yakitimia. Kamati iliyopewa kazi ya mipaka haikuleta ramani ya kulazimisha. Novemba 2025 ilipendekeza kuungana kwa hiari, na mjadala ukarudi bungeni.

Upande wa fedha, mpango huo unaweza kuwafaa watoto wetu, kwa kuwa uzito wao ungegeuka kuwa fedha halisi badala ya nafuu ya kodi. Upande wa uongozi una hatari. Katika wilaya ya wanafunzi 5,000, Winooski ingekuwa na sauti ndogo kwenye bodi, na haki ya wasio raia kupiga kura, iliyomo katika katiba ndogo ya mji huu, haihamii yenyewe kwenye wilaya mpya. Lazima iandikwe katika sheria. Wabunge wanaowakilisha Winooski katika bunge la jimbo husikiliza wakazi wote, wenye kura na wasio nayo, na swali la kuwauliza ni moja: wilaya ikiunganishwa, je, mzazi mwenye kibali cha kudumu ataendelea kupigia kura bajeti ya shule ya mtoto wake?